Bosi aliongeza neno "rasmi", nami nikabonyeza kutuma

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 22, nasomea shahada ya uhusiano wa umma na nimemaliza mwaka wa pili kati ya mitatu. Usajili wa mwaka wa tatu unafungwa baada ya wiki tatu na sijajaza fomu. Nyumbani wanadhani nimechelewa tu. Ukweli ni kwamba sijui kama nataka kurudi.

Fani hii niliipenda tangu muhula wa kwanza. Tulifundishwa mifano minne ya Grunig na Hunt ya mwaka 1984: wa kutafuta kutajwa kwa njia yoyote ile, wa kutoa taarifa tu, wa kuwasikiliza watu ili ujue namna ya kuwashawishi, na wa nne ambao taasisi inasikiliza na yenyewe iko tayari kubadilika. Mwalimu alipofika kwenye huo wa nne nilijiambia, hii ndiyo kazi yangu. Tangu utotoni mimi ni mtu wa katikati, ugomvi wa ndugu zangu ulikuwa unaishia kwangu.

Basi nikaenda mafunzo kwa vitendo, wiki nane, kwenye kitengo cha mawasiliano cha shirika moja la kusambaza maji. Mwanzoni kazi yangu ilikuwa kukata habari zinazolitaja shirika magazetini, kuzipima kwa rula, kisha kuzidisha sentimita zile kwa bei ya tangazo la ukubwa huo. Jumla yake iliandikwa kwenye ripoti kama faida ambayo kitengo kimeiletea shirika. Niliuliza kama hata habari ya kutukosoa inahesabiwa. Nikaambiwa inahesabiwa, mradi jina limetajwa.

Wiki ya sita maji yalianza kutoka na rangi ya kutu kwenye baadhi ya maeneo. Simu za wateja zikazidi, nikaambiwa nisaidie kupokea. Nilichukua daftari, nikachora mistari: saa, eneo, tatizo, namba ya kumrudishia jibu. Kwa siku mbili niliandika simu 43. Mama mmoja alipiga mara tatu. Ana mtoto mchanga, na kila alipopiga swali lilikuwa lile lile: "Nimwogeshe na maji haya au nisimwogeshe?" Nilikuwa nimeruhusiwa jibu moja tu: "Tunalifanyia kazi."

Siku ya tatu waandishi wakaanza kuuliza. Mkuu wa kitengo akanipa niandae rasimu ya taarifa kwa vyombo vya habari, nami nikafurahi, maana si kila mwanafunzi hupewa. Niliandika: "Tumepokea malalamiko 43 ya wateja kuhusu rangi ya maji." Rasimu ikarudi na wino mwekundu. Sasa ilisomeka: "Hadi sasa hatujapokea malalamiko rasmi kuhusu ubora wa maji." Nilimfuata ofisini kwake na daftari langu mkononi. Hakukasirika. Alinijibu kwa upole kabisa: "Hizo ni simu. Malalamiko rasmi ni barua." Kisha akasema niitume. Niliituma kwenye vyumba vya habari 17, kwa anwani yenye jina langu.

Jioni nikiwa kwenye basi nikaisikia redioni. Mtangazaji hakusoma neno "rasmi". Alisema shirika halijapokea malalamiko yoyote, basi. Nilishuka vituo viwili kabla ya kwangu nikatembea.

Mwisho wa mafunzo nilipewa tathmini nzuri kuliko wenzangu wote, na mkuu akaniambia, "Ukimaliza chuo njoo, kiti chako kipo." Wenzangu wangefurahi. Mimi sikulala.

Ada yangu analipa kaka, ambaye ameahirisha masomo yake ya uzamili ili mimi nisome. Tangu mwanzo alitaka nisome uhasibu, anasema namba hazidanganyi na kazi yake inaeleweka. Baba naye huwaambia wageni kwamba binti yake anasomea kutabasamu. Nikihamia uhasibu nitaanza upya mwaka wa kwanza kwa fedha za kaka. Nikibaki, naogopa maisha yangu yatakuwa ya kuongeza neno "rasmi" kwenye sentensi za watu. Rafiki yangu wa bwenini anasema nipige picha kurasa za daftari niziweke mtandaoni ili ukweli ujulikane. Nilikuwa nimeondoka nalo.

Shangazi, hii fani niliyoichagua ni kazi ya uongo? Nihame? Na kaka nimwambie nini?

Aliyebonyeza Kutuma

*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara nne, na kila mara nilisimama pale ulipoteremka basi kabla ya kituo chako. Mtu asiyejali hashuki. Najua hilo halikupunguzii mzigo kwa sasa, lakini nimeona tuanzie hapo, kwa sababu umejieleza kana kwamba wewe ndiye tatizo.

Nikikuelewa vizuri, umefunga mambo matatu kwenye kifurushi kimoja. Kuna sentensi moja uliyoituma. Kuna fani nzima. Na kuna deni unalojiona unalo kwa kaka yako. Sentensi ile imekuwa nzito kiasi kwamba imeivuta fani chini, na deni la kaka linakufanya usithubutu kuifungua kamba. Nitajaribu kuyatazama moja moja, ila la sentensi nitakaa nalo zaidi, maana ndilo linalokunyima usingizi.

Kabla sijawa Shangazi wa ukurasa huu nilifanya kazi chumba cha habari, upande wa kupokea hizo taarifa mnazotuma. Acha nikueleze neno "rasmi" linavyoishi huko. Mhariri ana sekunde 30 za kusoma habari nzima. Anafupisha. Maneno ya kwanza kukatwa ni yale yanayoonekana kama mapambo: "rasmi", "kwa sasa", "kwa ujumla". Mwandishi mzoefu wa taarifa anajua hivyo. Kwa hiyo sentensi inayosimama kwa neno moja tu, na neno lenyewe linatarajiwa kudondoka njiani, ni kweli kwenye karatasi na si kweli sikioni mwa msikilizaji. Wewe uliligundua hilo kwenye kiti cha basi, bila kuambiwa na mtu.

Lakini nina swali, na usilichukulie kama namtetea mtu. Je, shirika lile lilikuwa na utaratibu ulioandikwa tangu zamani kwamba malalamiko rasmi ni ya barua, au tafsiri hiyo ilizaliwa asubuhi ile ile? Hukusema, na pengine hukuwa na namna ya kujua. Kama utaratibu ulikuwepo, huenda mkuu wako hakujiona anadanganya. Alijiona anafuata kanuni, naye akakufundisha alivyofundishwa. Kama haukuwepo, hilo ni jambo jingine. Kwa yule mama mwenye mtoto tofauti hiyo haina maana yoyote. Kwako wewe inayo, kwa sababu mtu uliyefanya naye kazi wiki nane anaweza kuwa mwongo, au anaweza kuwa mtu aliyezoea. Kumkabili mwongo na kumkabili aliyezoea ni kazi mbili.

Swali la pili: ulijiona una njia ngapi siku ile? Kwenye barua naona mbili, kutuma au kugoma. Kwa mwanafunzi wa wiki ya sita, kugoma ni jambo zito, wala sikulaumu. Ila kati ya hizo mbili palikuwa na rasimu ya tatu. Kwa mfano: "Tumepokea simu kutoka kwa wateja wa maeneo kadhaa kuhusu rangi ya maji. Mafundi wanachunguza chanzo. Hadi majibu yatakapotoka, tunawashauri wateja walioathirika wasitumie maji hayo kwa kunywa wala kuogesha watoto. Taarifa nyingine tutaitoa kesho asubuhi." Huenda angeikataa pia. Huenda hakuwa na mamlaka ya kuikubali, maana ushauri wa kiafya ungehitaji wahandisi na uongozi. Hata hivyo ukimwekea mkuu karatasi mbili mezani, umemlazimisha achague, na watu wengi wanaposhurutika kuchagua kwa macho yao huwa waangalifu zaidi.

Wanaofundisha mawasiliano wakati wa majanga wanalo jina la kile alichokuwa anakidai yule mama. Timothy Coombs, mmoja wa waandishi wanaosomwa sana katika eneo hilo, huiita taarifa ya maelekezo: mwambie mtu afanye nini ili asidhurike, kabla hujaanza kulinda jina la mtu yeyote. Mwaka 1982 watu saba walikufa eneo la Chicago baada ya kumeza vidonge vya kutuliza maumivu vya Tylenol vilivyotiwa sumu ya sayanidi na mtu ambaye hajajulikana hadi leo. Kampuni mama, Johnson & Johnson, iliwaambia watu waache kutumia dawa hiyo na ikaondoa madukani chupa zipatazo milioni 31. Nadhani mfano huo mmeusoma. Usome upya sasa ukiwa na lile swali la "nimwogeshe au nisimwogeshe" kichwani, utaona ulikuwa umekaa kwenye simu ile ile, kwa kiwango kidogo.

Sasa, fani ni ya uongo? Sitakupaka mafuta. Historia yake ina pande zote mbili, wakati mwingine ndani ya mtu mmoja. Ivy Lee, Mmarekani anayehesabiwa miongoni mwa waanzilishi, mwaka 1906 aliwaandikia wahariri akiahidi kwamba ofisi yake itafanya kazi waziwazi na kutoa habari sahihi. Mtu huyo huyo mwaka 1934 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani aeleze kazi aliyokuwa akiifanyia IG Farben, kampuni ya kemikali ya Ujerumani, wakati Wanazi wameshika madaraka. Karibu na siku zetu, mwaka 2017, kampuni ya Uingereza iitwayo Bell Pottinger ilifukuzwa kwenye chama cha wenzake kwa kampeni iliyochochea chuki za rangi Afrika Kusini, ikafilisika muda si mrefu. Naangalia jambo moja katika kisa hicho: waliowafukuza ni watu wa fani hiyo hiyo. Kanuni za Athens za mwaka 1965, za IPRA, chama cha kimataifa cha watu wa uhusiano wa umma, zinamkataza mtu wa uhusiano wa umma kuuweka ukweli chini ya mahitaji mengine. Kwa hiyo ulipoumia kwenye basi hukuwa mgeni katika fani yako. Kanuni hizo zina udhaifu mmoja, nao ni mkubwa: zinamfunga aliyejiunga tu. Nchi nyingi hazidai leseni. Brazil iliitungia kazi hii sheria mwaka 1967, lakini sehemu kubwa ya dunia mtu yeyote anaweza kujiita afisa uhusiano kesho asubuhi.

Na ile rula, mwanangu. Mwaka 2010 wataalamu wa kupima mawasiliano walikutana Barcelona wakakubaliana kwamba bei ya tangazo si kipimo cha thamani ya uhusiano wa umma. Ulipouliza kama hata lawama zinahesabiwa, uliuliza swali waliloulizana wao. Nalitaja kwa sababu ofisi moja ilikufundisha kazi kwa vipimo vilivyopitwa na wakati, nawe unataka kuihukumu fani yote kwa ofisi hiyo. Inawezekana ukahamia nyingine ukakuta rula ile ile. Inawezekana usikute.

Kaka yako anasema namba hazidanganyi. Anakupenda, na amejinyima, kwa hiyo nalisema kwa heshima: namba huandikwa na watu. Arthur Andersen ilikuwa miongoni mwa kampuni tano kubwa za ukaguzi duniani, ikaanguka mwaka 2002 kwa kashfa ya Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyokuwa ikiikagua. Mhasibu naye ataitwa siku moja ofisini aambiwe kwa upole kwamba hiki si hasara, hiki ni "marekebisho". Kama unaupenda uhasibu wenyewe, hesabu zake, utulivu wake, kule kufunga mwaka na vitabu vikakubaliana, basi kuhama ni jambo la kufikiriwa kwa moyo mweupe, na kupoteza miaka miwili si mwisho wa maisha. Lakini katika barua yako yote hukusema popote kwamba unaupenda. Umesema unakimbia. Kabla ya kuamua, nenda ofisi ya taaluma uulize kwa maandishi ni masomo mangapi watakutambulia ukihama, na je, unaweza kuahirisha mwaka mmoja bila kupoteza nafasi. Hilo la kuahirisha hukulitaja, nalo lipo vyuo vingi. Hatari yake ni kwamba mwaka wa kukaa bila mpango hugeuka miwili, na kaka atalipa kwa namna nyingine.

Ukiamua kumaliza, usidhani mlango ni mmoja wa msemaji anayesimama mbele ya maikrofoni. Wapo wanaoshughulikia mawasiliano ya ndani, kuwaeleza wafanyakazi mabadiliko kabla hawajayasikia nje. Wapo wa mahusiano na jamii kwenye miradi mikubwa, ambao kutwa wanakaa mikutanoni na watu ambao barabara au bwawa litapita mlangoni kwao. Wapo waandishi wa hotuba, watu wa mahusiano na wawekezaji, wachangishaji fedha wa mashirika ya hisani, watafiti wa maoni ya umma, maafisa wa hospitali na vyuo, wahudumu wa wakala wenye wateja sita kwa wakati mmoja. Kuna wanaosimamia malalamiko ya wateja tu, wakiyapanga, wakiyahesabu, wakiyapeleka kwa wenye kuamua. Nakukumbusha kwamba mistari ya daftari lako, saa, eneo, tatizo, namba ya kurudisha jibu, uliichora bila kufundishwa. Huo ndio mfano wa nne uliokupendeza darasani, ukiwa umeandikwa kwa kalamu.

Ugumu nao upo. Nafasi hizo utagombea na waliosoma uandishi wa habari, lugha, sheria, biashara. Wengi huanza kwa mikataba mifupi. Rasimu ya kwanza ya taarifa siku hizi programu ya kompyuta inaiandika kwa dakika moja, hivyo atakayebaki na thamani ni yule anayejua nini kiandikwe na nini kikataliwe, na anayeweza kulisema hilo chumbani kwa wakubwa bila kutetemeka. Huko hufiki mwaka wa kwanza wa kazi.

Kuhusu kiti ulichoahidiwa, sitakuambia ukae wala usikae. Kina faida: mkuu anakuamini, na aliyeaminiwa husikilizwa. Kina hatari pia: ulipofika hapo mara ya kwanza ulinyamaza, na ofisi hukumbuka mtu alivyoingia. Ukiwaza kukikubali, kwake au kwingine kokote, uliza kabla ya kusaini: kitengo hiki kinaripoti kwa nani? Arthur Page alipoingia AT&T mwaka 1927 kama makamu wa rais wa kampuni hiyo ya simu ya Marekani, alitaka kwanza awe na sauti katika maamuzi yenyewe, asiwe mtu wa kuletewa sera iliyokwisha kupikwa akaitangaze. Si kila ofisi itakupa jibu kama hilo, na hakika si kwa mwajiriwa mpya, lakini kitengo kilicho ngazi nne chini ya mkurugenzi huletewa sentensi za kupamba. Uliza pia walifanya nini mara ya mwisho jambo lilipoharibika. Sikiliza kama wanakutajia watu walioathirika, au magazeti tu.

Daftari usiliweke mtandaoni, tafadhali. Hapa nakusihi, maana kosa lake halifutiki. Kurasa zile zina namba za watu 40 na zaidi waliokuamini wakakupa ili uwapigie, hawakukupa ili dunia iwasome. Ukizianika, wa kwanza kuumia ni yule mama. Na yawezekana ulisaini karatasi ya kutunza siri siku ya kwanza, itafute. Kama bado unaona wateja wako hatarini, zipo njia nyingine: msimamizi wako wa mafunzo pale chuoni, au mamlaka inayosimamia ubora wa maji, ukieleza ulichokiona bila namba za watu. Nazo zina gharama. Mkuu atajua ni wewe, na kiti huenda kikaondoka. Ndiyo maana ningependa umwone kwanza msimamizi wako, ana kwa ana, na barua yako hii mkononi. Imeandikwa vizuri kuliko taarifa nyingi nilizowahi kupokea. Mwulize pia daftari lenyewe lirudishwe vipi, kwa sababu si lako wala si la rafiki yako.

Kaka yako. Unafikiri anataka kusikia nini, na umemuuliza? Huenda alichokihofia tangu mwanzo ni kukuona umekosa kazi, na hofu ya kupoteza moyo wako hakuwahi kuifikiria kwa sababu hukumpa nafasi. Mweleze kisa cha basi kabla ya kumweleza kisa cha fomu. Usimpelekee maamuzi mawili achague, mpelekee jambo lililokupata. Anaweza kukasirika, ndiyo. Aliyeahirisha ndoto yake ana haki ya kuuliza. Pia anaweza kukuambia jambo la kazini kwake ambalo hajawahi kumwambia mtu. Baba mwache kwanza na wageni wake, zamu yake itafika.

Una wiki tatu. Ukishaongea na msimamizi na kaka, niandikie, hata kama utakuwa umejaza fomu, hata kama utakuwa umeichana. Na kuna kitu kimoja ambacho barua yako haikuniambia, nami sijaacha kukiwaza: yule mama, kuna mtu alimpigia?

Wako,
Shangazi